Karatasi Zilizoanikwa Ruhuwiko

Juzi kijana mmoja wa kitengo cha ununuzi alikuja nyumbani na masharti ya zabuni ya karatasi za ofisi. Aliniamkia vizuri, akakaa, akanionyesha kifungu kinachosema karatasi inayonunuliwa na serikali isiharibu mazingira. Akaniuliza, "Mzee, hiki kifungu kinafuatwa kweli au kimewekwa kupamba ukurasa?" Nilimjibu kwa urefu kuliko alivyotarajia, na chai ikapoa mbele yake. Haya ninayowaandikia ninyi wenzake ndiyo niliyomjibu. Kama mtayaona makali, mjue kwamba nimeshayapoza.

Mimi nilitunza stoo ya vifaa katika ofisi moja ya serikali hapa Songea, tangu enzi za maduka yenye rafu tupu mpaka enzi za maduka yaliyojaa hadi kwenye ngazi. Shule yangu iliishia darasa la saba. Karatasi nilijifunza kwa kuishika, na kwa kitabu kimoja cha zamani cha utengenezaji wa karatasi nilichokinunua kwa muuza mitumba, kikiwa hakina jalada, nikakisoma na kamusi pembeni. Na nilikuwa na mwalimu: Mzee Hyera, mwendesha mashine ya stensili, ile ya kurudufu nakala.

Mzee Hyera hakuanza kazi bila kuipepea rimu karibu na sikio lake. Karatasi nzuri, alisema, inalia kama majani makavu ya mahindi; iliyonyonya unyevu inalia kama khanga. Alinifundisha kulowesha kona ya karatasi kwa mate na kuangalia inajikunja upande gani, maana ukiilisha mashine kinyume na mkunjo huo, utashinda unachomoa vipande. Alinifundisha kuweka karatasi juu ya gazeti: ukiweza kusoma kichwa cha habari kupitia kwayo, usithubutu kuchapa pande zote mbili. Na rimu mpya ilipofika kutoka safarini, aliilaza chumbani kwake siku mbili kabla ya kuifungua. "Imetoka mbali," alisema, "iache izoee hewa ya hapa. Hata wewe ukihamishiwa Mbinga leo, kesho hulali vizuri." Si yote aliyoyasema yalikuwa sahihi. Aliamini pia kwamba mashine huharibika ikiendeshwa na mtu aliyekula vitunguu. Lakini hayo ya kulaza rimu yafuateni mpaka leo.

Miaka ya rafu tupu, karatasi zetu zilikuwa za hapa nchini, nzito kidogo, rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu. Hatukutupa hata moja. Rasimu ziliandikwa nyuma ya bajeti za miaka iliyopita. Bahasha ilibandikwa kipande kipya cha anwani juu ya cha zamani, ikasafiri tena. Nilikuwa na bahasha iliyonenepa kwa vibandiko mpaka ikasimama yenyewe mezani. Wakati huo hakuna aliyeyaita hayo hifadhi ya mazingira. Tuliyaita shida.

Halafu ikaja ruksa. Wafanyabiashara wakaanza kuleta chochote kutoka popote, na karatasi nyeupe ikaingia Songea, nyeupe hata ukiitazama juani unakunja uso. Sikuichukia. Ilikuwa rahisi kuchapia na mashine iliipenda. Kilichonikera ni tulivyobadilika sisi. Mpiga chapa aliyekuwa akirekebisha kosa kwa ufutio sasa alichomoa karatasi nzima na kuitupa. Kila barua ikawa na nakala za watu wasiozisoma. Tulikuwa tukiitana "ndugu". Sasa tukaanza kuitana "bosi" na "mheshimiwa", na mheshimiwa hawezi kuandika nyuma ya bajeti ya zamani. Taka za ofisi zikaishia kwa wauza karanga wa stendi. Bosi mmoja alinunua karanga, akakuta zimefungwa kwenye barua ya onyo aliyomwandikia dereva wake wiki ile ile. Dereva alikuwa ameketi kwenye usukani, naye akila karanga. Alikuwa ameshaisoma.

Katika hali hiyo ndipo ulipoletwa mwongozo. Kulikuwa na mradi wa elimu uliosaidiwa na wageni, na miongoni mwa mambo ya mradi, ofisi yetu ilitakiwa kununua karatasi kwa kufuata masharti matatu. La kwanza, karatasi iwe imetengenezwa, angalau kwa sehemu, kutokana na karatasi zilizokwisha kutumika. La pili, isiwe imefanywa nyeupe kwa dawa zile kali ambazo maji yake yakimwagwa mtoni yanaua samaki na kuwawasha watu ngozi. La tatu, ofisi ichape pande zote mbili, na karatasi zilizotumika zikusanywe zirudi kwa mtengenezaji.

Niliposoma nilifurahi, nawaambia kweli. Kitabu changu kisicho na jalada kilikuwa na sura nzima juu ya maji machafu ya viwanda vya karatasi. Anayekunywa maji hayo haandiki barua wala hapokei. Yuko chini ya mto, na hakuna mtu anayemuuliza anapendelea karatasi ya rangi gani. Sasa serikali, kupitia stoo yangu, ilikuwa inamuuliza.

Kamati ya zabuni ilikaa. Mwenyekiti wetu alikuwa ametoka makao makuu, hodari wa kusema, mvivu wa kusoma. Aliupitia mwongozo kwa kidole.

"Sharti la pili," akasema. "Tutajuaje kama karatasi imetiwa dawa au haikutiwa?"

Nikasema tumtake muuzaji alete maelezo ya kiwanda, pamoja na sampuli, kabla ya kuleta mzigo.

"Bwana Komba, tukisubiri maelezo ya kiwanda, mtihani wa majaribio wa darasa la saba tutauchapa mwaka gani?"

Mhasibu msaidizi akasaidia. "Mheshimiwa, ile isiyotiwa dawa si huwa kaki? Kama mifuko ya saruji."

"Enhe! Kaki. Andika: karatasi iwe ya rangi ya kaki, au inayoelekea kaki."

Nikasema rangi si kipimo. Ipo karatasi nyeupe iliyopatikana bila dawa kali, na ipo ya kahawia iliyo chafu tu. Karatasi iliyotokana na karatasi nyingine mara nyingi ni ya kijivu. Na masharti mengine mawili je?

"Hayo yamo humo humo kwenye kaki," akasema Mwenyekiti, akafunga kikao.

Yaani masharti matatu yaliyokuwa yanamtetea mtu wa chini ya mto yaligeuka kuwa rangi. Nyie mnaosoma zabuni leo, simameni hapo kidogo. Mkiona sharti linalotaka kazi ya kuuliza limegeuzwa kuwa sharti linalotaka macho tu, mjue kuna mtu amekwisha kupumzishwa kazi ya kuuliza.

Zabuni aliipata kijana tuliyemwita Fasta. Alianza na sabuni, akahamia betri, akaja karatasi. Sikumchukia huyu naye; alikuwa mcheshi na alilipa mikopo yake ya urafiki kwa wakati. Alinifuata stoo na uso wa mtu mwenye swali la kitaalamu.

"Kaka Komba, hiyo kaki mnayoitaka ni kaki ya polisi au kaki ya chai ya maziwa?"

"Soma mwongozo wenyewe, Fasta. Ni habari ya jinsi karatasi ilivyotengenezwa."

"Mwongozo sijapewa. Nimepewa rangi."

Hapo hakusema uongo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Ruhuwiko kumjulia hali shemeji yangu aliyekuwa akiugua mgongo. Njia inapita nyuma ya nyumba ya Fasta. Uani kwake palikuwa pametandikwa mikeka kutoka ukutani hadi kwenye ua wa matete, kama watu wanavyotandika wakati wa kuanika makopa. Lakini juu ya mikeka hapakuwa na muhogo. Zilikuwa karatasi, vifungu vyembamba vyembamba, vimekandamizwa kwa mawe. Mke wake alikuwa anapita katikati akigeuza upande wa chini uje juu.

"Hodi. Habari za hapa, Mama Sauda?"

"Nzuri, baba Komba. Karibu. Pita pembeni usinikanyagie mzigo."

"Unaanika nini?"

"Naanika mazingira." Hakuwa anatania. "Mume wangu kasema hizi ni karatasi za mazingira za serikali, lazima ziive kwanza. Nyeupe hazitakiwi. Jana zilikuwa kama maziwa, angalia leo."

Nikaangalia. Ilikuwa karatasi ya bei ya chini kabisa, ile ya mbao iliyosagwa bila kusafishwa, ya jamii ya gazeti. Mnajua gazeti likisahauliwa dirishani linavyokuwa. Za juu zilikuwa zimeungua rangi ya mandazi. Nilipofunua kifungu kimoja, katikati kulikuwa bado kweupe. Kuku mmoja akatoka jikoni, miguu imelowa maji ya vyombo, akakatiza mkekani kuanzia mwanzo hadi mwisho bila haraka.

"Shii! Toka!" Mama Sauda akamrushia kandambili. "Huyu kuku wa wifi yangu, kila siku yeye! Baba Komba, hizo zenye nyayo watazikataa?"

"Mimi nitazikataa zote, mama."

Akacheka, akidhani natania.

Jumatatu mzigo ukaja, umefungwa upya kwa karatasi za kaki na kamba ya katani. Nilizifungua rimu tatu mbele ya Fasta. Kingo zilikuwa kahawia, tumbo jeupe. Karatasi zilikuwa zimejikunja kama magome. Nilipozipepea zililia kweli kama majani makavu, makavu kupita kiasi. Na katika rimu ya pili, kuku alikuwa amepita.

"Fasta, nini hiki?"

Akaichukua, akaitazama kwa makini. "Alama ya kiwanda," akasema.

Nilicheka, nakiri. Yeye pia alicheka. Kisha nikaweka kalamu chini nikamwambia sipokei. Akaacha kucheka, akaenda ghorofani.

Baada ya muda mfupi niliitwa. Mwenyekiti alikuwa na rimu moja mezani, upande wa kingo za kahawia ukimwelekea yeye.

"Komba, hii ni rangi gani?"

"Kaki, mheshimiwa. Kwa pembeni."

"Zabuni ilisema rangi gani?"

"Kaki. Lakini imeanikwa. Nimeiona kwa macho yangu Ruhuwiko. Ni karatasi dhaifu, tena imekaushwa. Mashine itaikataa, na ukichapa pande mbili maandishi ya nyuma yatatokea mbele. Hii inakwenda kwa watoto wa mtihani."

"Wewe umekuwa profesa wa karatasi?" Akasogeza fomu ya mapokezi kuelekea kwangu. "Saini. Mambo mengine tutazungumza."

"Siwezi kusaini kwamba inatimiza mwongozo."

Akazungumza taratibu, kama mtu anayemhurumia mwenzake. "Unajua kuna orodha ya kupunguza wafanyakazi inaandaliwa. Wakuu wameniuliza nani hapa ni mzigo. Sijajibu."

Nyumbani nilikuwa na mke na watoto waliokuwa wanasoma. Ajira ya serikali hapa Songea, miaka ile, ilikuwa ndiyo ukuta wa nyumba. Sitawaambia kwamba sikuogopa. Nilisema, "Basi mtapata mwingine wa kusaini," nikatoka. Mhasibu msaidizi, yule yule wa mifuko ya saruji, ndiye aliyesaini. Mzigo ukaingia stoo yangu bila mimi.

Yaliyofuata chumba cha mashine niliyashuhudia. Mzee Hyera aliomba aachiwe karatasi zilale siku mbili. Akaambiwa hakuna siku mbili. Kulikuwa na mgeni anasubiri mtihani: Mwalimu Issa, mratibu wa elimu kutoka Nalasi, Tunduru, aliyetumwa kuchukua bahasha za shule za upande wao. Alikuwa mtu mpole wa kofia ya kufuma, amekuja juu ya lori la korosho na alitakiwa kurudi na lori hilo hilo. Barabara ya Tunduru miaka ile walioipita wanaijua. Lori likikuacha, hujui lingine ni la lini.

Mashine ilimeza karatasi mbili mbili, ikakwama. Mzee Hyera akachomoa, akawasha, ikakwama. Karatasi zile zilizokaushwa juani zilikuwa sasa zinanyonya unyevu wa chumba na kujikunja mbele ya macho yetu. "Zina kiu hizi," alisema. Alipofanikiwa kuchapa pande zote mbili, swali la hesabu la ukurasa wa kwanza lilisomeka likiwa na ramani ya ukurasa wa pili ndani yake.

Mwalimu Issa akainua moja dirishani. "Mzee wangu, hapa mtoto anaulizwa eneo la mstatili au anaulizwa Ziwa Nyasa liko wapi?"

"Vyote viwili, mwanangu," alisema Mzee Hyera. "Ndiyo karatasi ya mazingira."

Tulicheka sote watatu, kicheko kibaya. Dereva wa lori akapiga honi. Mzee Hyera akachagua nakala zilizosomeka, akampa Mwalimu Issa moja kwa kila shule. Moja. Nikamwongezea boksi la chaki kutoka stoo.

"Wataandika ubaoni," Mwalimu Issa alisema. "Inshallah watoto wataona." Akapanda lori.

Alirudi Songea baadaye kwa shughuli nyingine, akanipitia. Nilimuuliza mtihani ulikwendaje. Alikaa juu ya sanduku la chaki, akavua kofia.

"Tuliandika ubao mzima, tukafuta, tukaandika tena. Ramani niliichora mimi. Nikimwonyesha aliyezaliwa pale ziwani ataikana. Wa mbele waliona. Wa nyuma, wallahi, walikuwa wanabahatisha. Kuna binti mmoja anaitwa Somoe, macho yake si mazuri, lakini kichwa chake kizuri sana. Alisimama akasogea mbele asome. Msimamizi akamwambia rudi kaa, ukitembea ni wizi wa mtihani. Akarudi. Akaweka kalamu chini, akakaa hivyo mpaka mwisho. Na matokeo haya ndiyo tunatumia kuchagua nani akae darasa la maandalizi ya mtihani wenyewe."

"Akachaguliwa?"

Mwalimu Issa akavaa kofia yake. "Karatasi nyeupe huwezi kuisahihisha, Komba."

Mnaona sasa kwa nini nilisema makali haya nimeyapoza.

Malalamiko yalipofika kutoka wilayani, Mwenyekiti aliita kikao. Nilidhani ataitwa Fasta. Hapana. Alisimama akasema, "Hizi habari za mazingira zimetuangusha. Watoto wameshindwa kusoma kwa sababu ya karatasi za kaki. Tunarudi kwenye nyeupe." Nikanyoosha mkono, nikaeleza mikeka, jua, mawe na kuku. Kikao kizima kilicheka mpaka mtu akafuta machozi. Walipomaliza kucheka, wakafuta mwongozo. Sharti ambalo halikupata kutekelezwa hata siku moja lilihukumiwa kwa kosa la waliolikwepa. Fasta akashinda zabuni ya nyeupe pia. Alinunua pikipiki.

Na bado hapo si mwisho. Wale wageni wa mradi wakaja kukagua. Tulikusanywa ukumbini, meza ikatandikwa kitambaa, soda zikapangwa. Mwenyekiti akasoma taarifa. Hakutaja kwamba mwongozo umefutwa. Alisema ofisi yetu imezingatia mazingira kwa moyo wote, na kwamba katika baadhi ya shule za Tunduru mtihani wa majaribio uliendeshwa karibu bila karatasi kabisa, jambo ambalo mikoa mingine inaweza kuja kujifunza. Mkalimani akatafsiri. Wageni wakaandika. Wakapiga makofi, na sisi tukapiga makofi, maana mgeni akipiga makofi hukai mikono pajani.

Mimi nilikaa mikono pajani. Mgeni mmoja mama, aliyekuwa mbele yangu, akaona. Akauliza kupitia mkalimani kama yule bwana wa kiti cha mwisho ana la kuongeza.

Mwenyekiti akatabasamu. "Huyo ni mtunza stoo wetu tu."

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa kichwani maneno mengi: juu ya dawa na mito, juu ya masharti matatu, juu ya Ruhuwiko. Yote yakaniacha. Nikasema, "Waulizeni watoto waliokaa nyuma."

Mkalimani alinitazama, akamtazama Mwenyekiti, kisha akatafsiri kitu kirefu kuliko nilichosema. Yule mama akanitikisia kichwa kwa shukrani. Sijui mpaka leo aliambiwa nini.

Orodha ya kupunguza wafanyakazi ilipobandikwa, jina langu lilikuwa la kwanza. Mzee Hyera alikuwa wa pili; mashine yake ilipelekwa ghalani, ikaletwa ya fotokopi.

Kwa hiyo, kijana uliyeleta kifungu chako kwangu, na wenzako: kifungu ni cha kweli kama wewe utakifanya kweli. Uliza karatasi imetengenezwa na nini. Uliza maji ya kiwanda yanakwenda wapi. Uliza ikishatumika inarudi kwa nani. Muuzaji akikujibu kwa rangi, mrudishie mzigo. Pepea rimu sikioni, lowesha kona, weka juu ya gazeti. Halafu, kabla ya kushika kalamu, mfikirie Somoe amesimama katikati ya darasa, ubao uko mbele yake naye hauoni, na mtu mzima anamwambia arudi akakae.

Kisha ndipo uamue kama utasaini.